Wali Uliosubiri Hotuba

Chilinde, Lilongwe,
Malawi.
Jumapili, 9 Oktoba 2011

Mpendwa Shangazi Gloriose,

U mzima? Na lile goti la kushoto, bado linabishana nawe unapopanda ngazi za Kadutu, au limekubali dawa? Nipe pia habari za kuku wako, na za yule jirani mwenye redio, kama bado anaifungulia alfajiri. Huku mvua haijaanza. Ni joto na vumbi, na upepo wa kambi ya Dzaleka unabeba mabati ya watu walioweka misumari michache. Nasema hivyo kama karani wa duka la vifaa vya ujenzi, si kwa kuwacheka.

Sisi tu wazima. Naomba ulisome neno hilo mara mbili, Shangazi. Mimi ni mzima, Mama ni mzima, Baba Mkubwa Ambroise ni mzima na anakula vizuri, wala hakuna mtu wa ukoo wetu aliyezikwa Malawi. Najua kwamba ndugu yangu Junior alikupigia simu akakuambia mengine. Najua pia ulichomjibu, kwa sababu Junior hawezi kubeba neno bila kumwonyesha kila anayekutana naye njiani. Ulisema mtoto wa marehemu kaka yako hataoa katika nyumba yenye karuho, ile sumu ya kwetu, na kwamba baraka yako haitatoka Bukavu hata waje kuivuta kwa kamba.

Ndiyo maana nimechukua kalamu. Kwa simu isingewezekana. Salamu za ukoo wetu humaliza salio kabla hatujafika kwenye habari. Barua hii anakuletea Bucumi, anayerudi Uvira kumwona mama yake, na ameniapia kwamba atapanda hadi kwako. Mpe chai. Ila nakuomba usimuulize lolote juu ya ugonjwa wetu, maana yeye hakuwepo na ndiye anayeusimulia kwa urefu kuliko wote.

Unajua, Shangazi, kwamba harusi yangu na Solange imekwama kwenye neno lako. Mahari imekubaliwa, mchungaji amekubali, lakini mzee Épitace, mjomba wake Solange na msemaji wao, amesema wazi kwamba hatataja siku kama shangazi wa kijana hajasema ndiyo. Ana haki. Kwetu ni hivyo, na kwao ni hivyo. Kwa hiyo nitakueleza mambo yalivyokuwa kwa mpangilio wake, nawe utahukumu.

Solange ni binti wa Mama Kankindi, mjane kutoka Uvira mwenye mgahawa mdogo karibu na soko la Dzaleka. Ni benchi tatu, paa la turubai, na wali ambao watu hutoka hata Dowa Boma kuja kuula. Solange mwenyewe anashona nguo. Ni mtu wa maneno machache, nami nina woga mwingi, kwa hiyo tunaelewana.

Tulipokwenda kubisha hodi mara ya kwanza, tulipeleka blanketi la mama, kama desturi inavyotaka, kumshukuru kwa mgongo uliombeba binti. Nililichagua mwenyewe hapa Lilongwe. Nilipita duka hadi duka nikiyapima kwa mikono, nikachukua zito kuliko yote, lenye picha ya chui mkubwa anayekuangalia hata ukihama upande. Mama Kankindi alifurahi sana. Likumbuke blanketi hilo, maana lina sehemu yake katika kesi.

Siku ya mahari tulialikwa asubuhi. Mama Kankindi aliamka kabla ya jogoo akapika kwanza chungu cha wageni, wali wa karoti na njegere, kwa sababu hataki mgeni wake angojee moto. Ulipoiva aliufunika. Akaona haitoshi, mkwe hali chakula kilichopoa. Akaenda chumbani akatoa kitu cha thamani kuliko vyote vilivyokuwa ndani, akakizungushia chungu mara mbili. Chui alibaki kwa nje, akitutazama.

Sasa, wewe unamjua kaka yako. Hakuna anayekula kabla wasemaji hawajamalizana, na msemaji wetu alikuwa Baba Mkubwa Ambroise, shemasi, mtu ambaye kanisani hupewa dakika za matangazo tu ili ibada iishe. Kwa bahati mbaya mzee Épitace naye ni wa namna hiyohiyo. Walikuwa kama magari mawili kwenye daraja la gari moja.

Baba Mkubwa alianza kwa kusema sisi ni wapita njia tuliopotea.

“Bapita njia gani banavaa kravati?” akauliza mzee Épitace.

Tukatozwa faini ya kreti ya Fanta kwa kuchelewa, na nyingine kwa kuketi kabla ya kukaribishwa. Baba Mkubwa aliikubali ya kwanza. Ya pili aliipinga kwa kutueleza viti vilitoka wapi hadi vikafika kwa Waafrika. Kisha akatutoa kwetu Walungu, akatuvusha ziwa, akawataja mababu mmoja mmoja na ng'ombe wao. Mzee Épitace akajibu kwa mababu wa Uvira, ambao nao hawakuwa wachache. Mimi bwana harusi siruhusiwi kusema neno siku hiyo, nikaketi nikimtazama chui.

Hatimaye wakafika kwa mbuzi. Upande wao ulitaka mbuzi wa bibi yake Solange. Baba Mkubwa akasema bibi huyo ni marehemu.

“Bibi njo alikufa,” akasema mzee Épitace. “Mbuzi yake haikufa.”

Kwa mbuzi huyo, Shangazi, jua lilitoka upande mmoja wa uwanja likaenda upande wa pili. Watoto walilala wakaamka. Mama Kankindi alipita mara nyingi karibu na chungu, akigusa blanketi kwa kiganja na kutikisa kichwa kwa kuridhika, maana bado kulikuwa na joto ndani. Mwishowe Baba Mkubwa alishinda. Mbuzi akaondolewa kwenye mahari. Mshindi alikaa chini akiwa amelowa jasho, mwenye furaha, akaomba chakula.

Tulikula kama watu waliotoka jangwani. Wenyeji wetu, kwa heshima, hawakuugusa wali. Walituachia wote, wao wakala nsima, ugali wa huku, na usipa, wale dagaa wadogo wa ziwa la huku, pembeni ya uwanja. Naomba hilo nalo ulikumbuke.

Baada ya chakula Baba Mkubwa alisimama tena kutoa shukrani. Alikuwa amefika mahali pa kusema “na tunda la urafiki huu,” mara akanyamaza. Shangazi, wewe umeishi naye tangu utotoni. Umewahi kumwona akinyamaza katikati ya sentensi? Nilijua palepale kwamba jambo kubwa limetokea. Alishika tumbo kwa mkono mmoja na kravati kwa mkono mwingine, akasema wageni wanaomba njia. Hakumaliza hata kuomba.

Choo cha Mama Kankindi kilikuwa hatua chache tu, nyuma ya jiko. Lakini nani angethubutu? Mkwe na watu wake hawaendi choo cha ukweni siku ya mahari. Ni aibu ya kusimuliwa hadi kwa wajukuu. Kwa hiyo ujumbe wote wa ukoo wetu, suti na vitenge, ulitoka kwa mwendo ambao haukuwa kutembea wala haukuwa kukimbia, ukateremka hadi mtaa wa Warundi, kwa Mama Véronique, jirani yake Baba Mkubwa, mwenye choo kimoja chenye mlango wa gunia.

“Kwa daraja!” akaagiza Baba Mkubwa. “Twende kwa daraja. Bazee kwanza.”

“Muzee,” akasema Junior akiwa amejikunja kama ndoano, “tumbo haijuaka daraja.”

Akampita. Ndivyo heshima ilivyoanguka katika ukoo wetu, na ndiyo sababu Junior hapendi sehemu hii isimuliwe. Mimi sikumpita mtu. Niliogopa kuwapita wazee, na matokeo ya woga huo hayahitaji kuandikwa katika barua ya heshima. Mama Véronique alisimama na ndoo ya maji akitupanga, akituambia pole, na akigeuka upande kila aliposhindwa kuzuia kicheko.

Vijana wa kabaza, wale wanaobeba watu kwa baiskeli, walituona kwa mbali wakakumbuka kwamba wana shughuli nyingine. Tukafika zahanati ya kambi kwa miguu, tukishikana. Muuguzi, mama wa Kimalawi mpole, alituwekea ndoo, akatupa maji ya chumvi na sukari tunywe kidogokidogo, akaanza kumuuliza kila mtu alikula nini. Mkalimani nilikuwa mimi, nikitapika kati ya swali na jibu.

“Mwambie aandike karuho,” akasema Baba Mkubwa kutoka sakafuni.

Nilimweleza muuguzi kwamba hiyo ni sumu ya kwetu, ambayo kila mtu anaiogopa na hakuna aliyewahi kuiona. Akasema basi asiyoiona haandiki. Akatueleza jambo ambalo sikulijua, Shangazi, nami nimesoma hadi diploma. Ndani ya mchele mkavu kuna vijidudu vilivyolala ndani ya ganda, kama mbegu. Kuchemsha hakuviui. Wali ukikaa moto kabisa, vinaendelea kulala. Ukipoa upesi mahali baridi, vinalala pia. Lakini ukiachwa vuguvugu kwa muda mrefu, vinaamka, vinazaana, na vinaacha sumu yao humo, sumu isiyo na harufu, ambayo hata ukiupasha wali tena haitoki. Akasema haihitaji adui. Inahitaji joto kidogo na kusubiri sana.

Baba Mkubwa, kama shemasi, alikiri kwamba habari za vitu vuguvugu, zile za Ufunuo, ameshazihubiri, na mwisho wake ni huohuo wa kutapika. Lakini hakuridhika.

“Bo benyewe banacheza ngoma mpaka sasa, hakuna mwenye aliugua,” akasema. “Bijidudu gani binajua kuchagua? Binajua huyu ni mugeni, huyu ni mwenyeji?”

  Na hapo ndipo Junior alipokupigia simu.

Tulipona upesi. Nguvu zilipomrudia Baba Mkubwa zilirudi zote pamoja. Akaniita akaniambia tutadai fidia. Ukoo wa bibi harusi upunguze ng'ombe mmoja katika mahari, uombe radhi mbele ya kanisa, na wakikataa tutakwenda mahakamani Dowa. Mshitakiwa awe Mama Kankindi. Mwandishi wa madai awe mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma.

Fikiria hali yangu. Kumshitaki mama mkwe kabla hajawa mama mkwe! Na mahakamani ningesimama mbele ya hakimu, angeniuliza naishi wapi, nami karatasi zangu za ukimbizi zinasema Dzaleka wakati godoro langu liko Chilinde, nje ya kambi. Nilirudi kazini nikiwa nahesabu misumari na kupata jibu tofauti kila mara.

Huku nyuma mambo yalizidi kuharibika. Neno karuho lilipita Dzaleka nzima. Benchi tatu za Mama Kankindi zikabaki tupu. Watu waliokula kwake tangu kambi iwe na barabara moja walianza kuzunguka nyuma ya soko wasipite mbele ya jiko lake. Solange alinitumia ujumbe kwa mdomo wa dada yangu Arlette: “Nasikia unaandika barua ya kushitaki mama yangu. Andika muzuri. Nitaisoma miye mwenyewe, na makosa nitaiweka alama nyekundu.”

Sikulala vizuri.

Kuna wakili mmoja kijana anayejenga nyumba upande wa Likuni na hununua vifaa kwetu. Siku moja, nikimpimia mbao, nilijipa moyo nikamuuliza mtu aliyedhurika na chakula anadai vipi. Aliketi juu ya mfuko wa saruji akanieleza kwa upole. Kwanza, daktari athibitishe ugonjwa, na hilo tulikuwa nalo. Waliokula kitu kimoja waugue pamoja, na wasiokula wawe wazima; hilo pia lilikuwepo. Akauliza kama kuna masazo ya chakula yaliyotunzwa.

Nilikuwa nayo, Shangazi. Unajua tabia yangu ya kutunza vitu. Nilikuwa nimerudi kwa Mama Kankindi siku ya pili, nikaomba ukoko uliobaki chunguni, nikautia ndani ya kopo tupu la rangi na kulifunga kwa nailoni. Nililiweka kwenye rafu ya dukani. Wiki hiyo tajiri wangu alikuwa akilalamika kwamba gundi imeharibika, na fundi mmoja alilifungua kopo akidhani ni lipu ya kuzibia nyufa. Hakurudi tena. Nilimwonyesha wakili kopo kwa mbali. Akasema inatosha, ameamini, nilifunge.

Kisha akasema haitoshi kuonyesha kwamba chakula kilidhuru. Lazima ionekane nani alikosea, na pia kwamba aliyedhurika hakujiletea mwenyewe. “Sasa niambie,” akasema, “wali uliiva lini, mkaula lini, na katikati mlikuwa mnafanya nini?”

Nikarudi kupima ubao niliokuwa nimeshaupima. 

“Mlikuwa mnafanya nini?” akarudia.

“Tulikuwa tunasikiliza,” nikasema.

Nilimweleza yote: asubuhi, mababu, viti, mbuzi wa marehemu. Nilipofika kwenye blanketi aliuliza ni la nani. Nikamwambia nani alilinunua. Wakili akaweka mikono usoni, mabega yakitikisika. Alipoweza kusema aliniambia kwamba akipewa kesi hii angependa kumtetea Mama Kankindi, na angemtetea bure kwa ajili ya kumsikia shahidi wa kwanza tu. Ushauri wake ulikuwa mmoja: katika madai, usimlaumu mtu, eleza tu kila jambo kwa mfuatano wake, asubuhi hadi mwisho, bila kuruka.

Nikaandika hivyo. Sikuwa jasiri, Shangazi. Nilikuwa mtiifu kwa wakili, kwa sababu kumwambia Baba Mkubwa usoni nisingeweza. 

Koo mbili zilikutana kwenye benchi za Mama Kankindi, ambazo zilikuwa na nafasi ya kutosha. Mzee Épitace upande ule, Baba Mkubwa upande huu, Solange mlangoni mwa jiko amekunja mikono, na nyuma yake mama yake, ambaye alikuwa amekonda. Nikaamriwa kusoma.

Nikasoma kwamba wali uliiva asubuhi. Nikasoma kwamba ulifunikwa kwa blanketi lililotolewa na ukoo wetu. Kwamba Baba Mkubwa akasema. Kwamba mzee Épitace akajibu. Kwamba Baba Mkubwa akasema kuhusu viti. Kwamba mzee Épitace akajibu. Kwamba jua likafika juu ya kanisa, na Baba Mkubwa akasema kuhusu Walungu. Kwamba wali uliguswa ukaonekana ni vuguvugu. Kwamba mzee Épitace akajibu.

Kwanza alicheka Mama Véronique, aliyekuja kama shahidi wa choo. Kisha wanawake wa upande wao, kisha wa upande wetu. Kila niliposema “akajibu” walipiga makofi. Niliendelea kusoma bila kuinua macho. Nilipofika kwenye mbuzi, karatasi ilikuwa imelowa jasho. Nikamalizia kwamba wenyeji walikula nsima kwa sababu walituachia sisi wali wote, na kwamba hiyo ndiyo sababu vijidudu vilionekana kuchagua wageni.

 Baba Mkubwa alinitazama.

“Kwa hiyo ni miye,” akasema.

 Nilitamani chui aje anichukue.

“Haiko weye peke,” akasema mzee Épitace polepole. “Mbuzi ni miye nilimuleta.”

Hapo Mama Kankindi akatoka jikoni. Hakupaza sauti. “Mulisema munataka fidia,” akasema. “Sasa miye? Niliamuka mbele ya jogoo juu yenu. Niliweka chakula yenu ndani ya kintu kizuri kuliko yote njo nilikuwa nayo. Leo bantu banapita mbali na benchi zangu kama kwangu kuko maiti. Tumbo yenu ilipona. Jina yangu nani ataiponya? Dawa yake iko zahanati gani?”

Shangazi, hakuna aliyecheka tena. Nilijiona mdogo kama msumari wa kiatu. Siku zote hizo nilikuwa nimeogopa hakimu, Baba Mkubwa na Solange, wala sikuwa nimefikiri kwamba aliyedhurika zaidi hakula hata punje moja.

Nitamsifu kaka yako katika hili. Alisimama, akavua kofia, akasema fidia ipo, na itakwenda inakostahili. Mbuzi wa marehemu bibi, aliyemwondoa kwa maneno mengi, anamrudisha kwa neno moja. Mzee Épitace akaongeza kwamba mbuzi peke yake hasafishi jina. Kama ilivyo desturi, waliogombana lazima wale pamoja, chakula kilekile, kutoka mkono uleule. Na kwa kuwa uvumi ulipita barabarani, wale barabarani.

Kwa hiyo siku ya soko, benchi zilivutwa hadi ukingoni mwa njia. Watu walisimama pande zote, kwa umbali, kama wanaotazama moto. Mama Kankindi alipakua wali wa karoti na njegere ukiwa bado unachemka, moshi juu. Tukanawa. Kisha, kwa kuwa hakuna anayekula kabla mkubwa hajasema, macho yote yakamgeukia Baba Mkubwa Ambroise.

Akasimama. Akasafisha koo. Nilimwona akivuta pumzi ile ndefu ya kutoka Walungu. Halafu akatazama sahani, akautazama moshi unavyopungua, akamtazama Mama Kankindi.

“Tulikosa,” akasema. “Tukule.”

Akaketi. Watu hawakuamini. Mama alinishika mkono akiuliza kama kaka wa marehemu mume wake ni mgonjwa.

Na kwa haraka ya kuuwahi wali akatia kijiko kizima mdomoni. Shangazi, macho yalimtoka. Machozi yakamchuruzika. Alishika shingo, akapiga meza, akainuka. Umati ukarudi nyuma kwa pamoja, na mtu mmoja akapiga kelele, “Karuho! Mumeona?”

“Haiko karuho!” Baba Mkubwa akanguruma, ulimi nje. “Iko moto! Iko moto tu! Moto, batu ya Mungu, chakula ya mama huyu iko moto!”

Alilirudia neno hilo akitembea huku na huku barabarani na kujipepea kwa kofia, hadi soko lote likasikia. Hajawahi kuhubiri vizuri hivyo. Kijana mmoja wa kabaza aliegemeza baiskeli yake, akaja akaketi, akaomba sahani. Wa pili akafuata. Kabla ya jioni chungu kilikuwa kitupu na Solange alikuwa akikatalia watu. Mimi nilikula nikiwa nimeweka mguu mmoja nje ya benchi, sitakuficha, lakini nilimaliza. Tangu siku hiyo hakuna aliyeugua, ila Baba Mkubwa, ambaye kwa siku kadhaa alisema kwa shida na kuuliza kama ulimi ulioungua una fidia. Nilimwambia nitamuuliza wakili. Mama Kankindi akasema nisiwe na haraka ya kuuliza.

Barua yangu ya madai Solange aliisoma, kama alivyoahidi. Aliirudisha na alama nyekundu mahali pamoja tu: nilikuwa nimeandika “mshitakiwa,” akakata, akaandika juu yake “mama.”

Hayo ndiyo yote, Shangazi, bila kuruka. Hakuna karuho katika nyumba hiyo. Kuna mama anayewapa wageni chakula chake chote, na binti yake ndiye ninayemtaka. Nakuomba neno lako la ndiyo. Mpe Bucumi aje nalo, maana bila hilo mzee Épitace hatataja siku, na mimi nitaendelea kuhesabu misumari ya watu wengine wanaojenga nyumba.

Msalimie mjomba Lucien na mkewe Darlène, na uwaambie picha walizoomba nitazituma. Mpe pole Moïse kwa mtihani, asikate tamaa. Mama anakusalimu, Arlette anakusalimu, Junior anakusalimu kwa aibu. Mama Kankindi anakutumia salamu na anasema blanketi limefuliwa, limerudi kitandani, na chungu hakitaliona tena.

Mungu akulinde, alilegeze goti lako, na nyumba yako isikose moto wala wageni.

Nina ombi moja dogo la mwisho, na si langu, ni la Baba Mkubwa mwenyewe. Ameniita mara mbili kuhakikisha nimeliandika. Neno lako la baraka litasomwa siku ya harusi mbele ya watu wote, kabla ya chakula. Anakuomba, kama dada yake, uliandike fupi. Wali utakuwa umeshaiva.

Wako akupendaye,

Fabien